Kumbukumbu ya mradi: kuipa Linux nafasi bila kuifuta Windows

Hali kabla ya kugusa chochote

Laptopu ina SSD ya gigabaiti 512, ambayo kwenye `lsblk`, amri ya Linux ya kuorodhesha diski, inasomeka 476.9G. Hakuna kilichopotea: kiwanda kinahesabu kwa elfu, `lsblk` inahesabu kwa 1024. Kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho, vipande (patisheni) vimepangwa hivi: EFI ya kuwashia mashine, megabaiti 100, kipande cha Windows cha megabaiti 16, Windows 10 yenyewe 420G, Linux Mint 48G, swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM) 8G, na mkiani patisheni ya kuokolea Windows isiyofika hata gigabaiti moja.

Kazi zangu zote nafanyia Linux. Windows naiwasha kwa ajili ya programu moja ya uhasibu, basi. Lakini `df -h` inaniambia mzizi (/), yaani patisheni ya Linux, umejaa asilimia 96. `apt clean` na `journalctl --vacuum-size=200M` zilirudisha nafasi kidogo, ikaliwa na picha ndani ya wiki. Nikipima kwa `du`, /home, folda ya mafaili yangu, peke yake imebeba 29G. Kwa hiyo anayebanwa si mfumo, ni mafaili yangu.

Kuipunguza Windows

NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, naipunguza kutoka ndani ya Windows, si kutoka Linux. GParted, programu ya Linux ya kupanga patisheni, inaweza, ila wenye nyumba wanaijua nyumba yao zaidi.

Kwanza `manage-bde -status`, kuhakikisha BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, haijawashwa. Laptopu nyingi huja imewashwa na mwenyewe hana habari, na ukigusa patisheni bila kuisimamisha unaweza kuamka ukidaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Yangu ilikuwa imezimwa.

Kisha Disk Management, bofya kulia, Shrink Volume. Windows ikakubali kutoa 31G tu, ingawa zaidi ya 280 zilikuwa tupu! Sababu yake inajulikana: faili la kumbukumbu pepe, faili la kulaza mashine na nakala za System Restore hukaa popote, hata katikati ya diski, na Windows haiwezi kuyahamisha ikiwa inayatumia. Haijalishi nyuma yake kuna utupu kiasi gani, mpaka unaishia pale faili la mwisho lilipo. Nikapiga `powercfg /h off`, nikazima faili la kumbukumbu pepe, nikazima System Restore, nikawasha upya. Safari hii dirisha likaruhusu. Nikaandika 204800, maana linataka megabaiti, yaani 200G kamili. Windows imebaki na 220G, na faili la kumbukumbu pepe nimelirudisha.

Hiyo `powercfg /h off` ina faida ya pili: inaua Fast Startup. Fast Startup ikiwa hai, unapodhani umezima Windows kumbe imelala nusu, na Linux hukataa kuandika kwenye NTFS yake. Wakuu wenye mifumo miwili kwenye mashine moja, anzeni na hilo.

Nafasi ipo, lakini iko upande gani?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Sasa nina 200G tupu, zimekaa kati ya Windows na Linux. Yaani kushoto kwa mzizi wangu.

Jedwali la patisheni ni bikoni za kiwanja, mfumo wa mafaili ndio nyumba iliyojengwa ndani yake. Ukitaka kupunguza, unapunguza nyumba kwanza ndipo unasogeza bikoni. Ukitaka kuongeza, bikoni kwanza, nyumba baadaye. Kuongeza upande wa kulia ni kazi ya sekunde, na ext4, mfumo wa mafaili wa Linux yangu, inakubali hata ikiwa inatumika. Kushoto ni habari nyingine: ext4 inahesabu kila bloku kuanzia mwanzo wa patisheni, kwa hiyo ukiusogeza mwanzo, data yote lazima ihame. Mzizi hauwezi kuhamishwa ukiwa unatumika, ni lazima uwashe kwa flashi. Na umeme ukikatika katikati, unabaki na mfumo ambao nusu iko zamani na nusu iko mpya. Betri ya laptopu hii siiamini hata kidogo.

Kwa hiyo nimeamua: mzizi hausogei. Pengo la 200G litakuwa /home mpya.

Kuijenga /home

Bekapu ya picha na nyaraka ilikwenda kwenye diski ya nje. Jedwali la patisheni likaenda kwenye flashi:

`sudo sgdisk --backup=jedwali.gpt /dev/nvme0n1`

Ni faili dogo sana, na jambo likiharibika, jedwali linarudishwa kwa `--load-backup`. Halirudishi data, linarudisha mipaka tu, lakini mara nyingi mipaka ndiyo iliyopotea.

Nikafungua `cfdisk`, nikachagua pengo, New, Write, nikaandika yes. Ikazaliwa nvme0n1p7, japo kimwili iko kati ya p3 na p4. Namba hazifuati mpangilio wa diski na hazina haja ya kufuata, maana fstab, faili linaloiambia Linux ifungue patisheni zipi na wapi, inatumia UUID, kitambulisho cha kipekee cha kila patisheni. `partprobe` ikaitambulisha kwa kerneli, kiini cha Linux, kisha:

`sudo mkfs.ext4 -L nyumbani -m 1 /dev/nvme0n1p7`

Hiyo `-m 1` msiidharau. ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, msimamizi wa mfumo, ambayo kwa 200G ni 10G zimekaa bure. Kwenye mzizi nimeiacha ilivyo, pale ina maana.

Kunakili nilianza Linux ikiwa inaendelea na kazi, kwa `rsync -aAXH /home/ /mnt/`, /mnt ikiwa ndipo nilipoifungua patisheni mpya. Mkwaju (/) wa mwisho baada ya home ni wa lazima, la sivyo unapata home ndani ya home. Nikawasha kwa flashi ya Mint, nikarudia `rsync` kati ya patisheni hizo mbili, safari hii na `--delete --exclude=lost+found`, ili yaliyobadilika tangu mara ya kwanza yaingie. Humohumo nikaibadilisha /home ya zamani jina kuwa home.zamani, nikatengeneza folda tupu ya home, nikaongeza mstari kwenye fstab ya diski:

`UUID=… /home ext4 defaults,noatime 0 2`

Ilipowaka, `findmnt --verify` haikulalamika, na kila kitu kipo mahali pake hadi picha ya ukutani.

Swapu inaliwa

Kulia kwa mzizi kuna swapu ya 8G. Silazi mashine kwenye diski, kwa hiyo faili la swapu linanitosha. `swapoff -a`, nikafuta mstari wake kwenye fstab, nikaifuta p5 kwa `cfdisk`, halafu bila kuzima chochote:

`sudo growpart /dev/nvme0n1 4`
`sudo resize2fs /dev/nvme0n1p4`

Ya kwanza ni bikoni, ya pili ni nyumba. Kufumba na kufumbua, mzizi una 56G. Nikatengeneza /swapfile ya 4G kwa `fallocate`, `chmod 600`, `mkswap`, `swapon`, na mstari wake kwenye fstab.

Maelezo mengi hayagusi hili: faili la `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, linaloonyesha swapu ya kuamkia mashine iliyolazwa, bado lilikuwa na UUID ya swapu iliyokufa. Ukiliacha, kila ukiwasha mashine inakaa ikisubiri kifaa kisichokuwepo. Nikaweka `RESUME=none`, nikapiga `update-initramfs -u`.

Ilipofikia

home.zamani nimeifuta baada ya kuitumia /home mpya kwa muda na kuridhika. Mzizi sasa umetumika kama 21G kati ya 56, faili la swapu likiwemo.

Kilichobaki ni Windows yenyewe. Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ile programu ya uhasibu naijaribu kwenye mashine pepe. Ikikubali, 220G zitafunguka, tena kushoto kwa /home, shida ileile. Siku hiyo sitagusa mipaka: nitaihamishia /home kwenye LVM, ambako vipande vya diski huunganishwa kuwa kimoja bila kujali kipi kiko kulia na kipi kushoto. Kwa sasa naifanyia mazoezi kwenye diski kuukuu ya 320G.