Ninavyovusha bonsai zangu baridi ya Julai jijini Nairobi

Maelekezo mengi ya kutunza bonsai, yaani miti inayodumazwa na kukuzwa chunguni, wakati wa baridi hutoka nchi zenye theluji, ambako shughuli kubwa ni kuzuia mizizi isigande; ndiyo maana huko watu hufukia vyungu ardhini au huviweka ndani ya banda lisilopashwa moto, ili mti upate usingizi wake bila kufa. Baridi ya Nairobi, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni ya namna nyingine: mawingu hutanda tangu alfajiri, manyunyu huzuia udongo kukauka, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Mizizi ya miti ya nchi za joto hupoteza nguvu ya kunywa katika hali hiyo, na maji yakituama chunguni huiozesha. Kwa hiyo juhudi zangu zote za msimu huu huelekea kwenye mwanga na ukavu.

Mei inapokwisha, nahamishia vyungu vyote upande wa kaskazini wa roshani. Anayefuata maelekezo ya Ulaya ataiweka miti kusini, lakini sisi tuko kusini kidogo mwa Ikweta, na kuanzia mwezi huo hadi Agosti jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu. Ukuta unaotazama kusini hushinda kivulini, na katika wiki zenye mawingu hata saa moja ya jua ina thamani kubwa.

Kuhusu maji, sifuati ratiba. Ninachomeka kijiti cha mshikaki hadi karibu na sakafu ya chungu, nakiacha kidogo, kisha nakichomoa na kukigusa shavuni. Kikiwa na ubaridi wa unyevu, simwagilii hata kama udongo wa juu umepauka. Udongo wenyewe nimeuchanganya na mawe mepesi ya volkano yanayotoka upande wa Naivasha, yaliyochekechwa kuondoa vumbi, kwa sababu udongo mweusi wa mfinyanzi wa Nairobi hushika maji kupita kiasi.

Mti unaohitaji uangalizi zaidi ni mbuyu. Huu ni mti wa nyika zenye joto, kama zile za Kibwezi na Kilifi, na shina lake ni ghala la maji. Majani yakianza kugeuka manjano napunguza kumwagilia, na yakishapukutika yote naacha kabisa, nikiufunika kwa plastiki angavu ili manyunyu yasiufikie. Jirani akiuona huniuliza, “Dada, huu si umeshakauka?” Nami hukwaruza gome kidogo kwa ukucha, naye huona ule ukijani mbichi ulio chini yake. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kidole gumba: naminya shina pale linapokutana na udongo, na likiwa gumu sina hofu, ila likibonyea na kutoa maji, uozo umeshaingia na sharti sehemu hiyo ikatwe upesi hadi kwenye nyama safi, kisha iachwe ikauke.

Mzeituni mwitu haunisumbui, kwani ni mti wa nyanda za juu na umeizoea hali hii. Mugumo, ambao ni aina ya mtini wa porini, hupunguza tu kasi ya kukua. Siupogoi mizizi wala kuubadilishia chungu, maana majeraha hupona polepole mno, na mbolea nausitishia hadi uanze kuchipua tena.

Joto likirejea mnamo Septemba na vichomozo vya mbuyu vikianza kuvimba, nauondolea plastiki na kuupa maji kidogo, kisha nasubiri majani ya kwanza yakunjuke ndipo niloweshe udongo wote. Ni wakati huo pia ninapoutoa mugumo chunguni, nikakata mizizi iliyojizungusha na kuupandikiza upya, kwa kuwa sasa una joto la kutosha kuziba majeraha yake kabla ya mvua za vuli.