Nyumba ya kubana umeme ilivyotuotea ukungu Kigoma, na tulivyoutoa

Hii nyumba ya Gungu kaijenga kaka yangu, yeye yuko Dar, mi na familia ndo tunakaa. Kaijenga kwa akili ya kubana umeme na simlaumu, sisi watu wa Kigoma tuliishi miaka na miaka kwa umeme wa majenereta ya dizeli, mtu ukishazoea kuhesabu yuniti za LUKU huachi tena. Kwa hiyo juu ya silingi ya jipsamu akatandika pamba ya glasi kuzuia joto la bati, madirisha slaidi za aluminiamu zimepigwa silikoni pembeni zote, na yale matundu ya hewa ambayo nyumba zetu za zamani zinakuwa nayo juu ya dirisha hakuna hata moja, ukuta umenyooka tu. AC ukiiwasha muda mfupi chumba kimepoa na ubaridi hautoki. Raha tupu.

Mvua zilipochanganya, Novemba kuelekea Desemba, ndo tukaanza kusikia harufu kama ya nguo zilizokunjwa mbichi. Nikafua mapazia, wapi. Nikaanika magodoro, wapi. Siku moja mume wangu anatafuta viatu vya ngozi vya kwenda kwenye harusi, kavitoa kabatini vimeota vimanyoya vyeupe kama nyanya iliyooza. Tukavuta kabati. Jamani. Ukuta nyuma ya kabati, toka usawa wa kiuno kwenda juu, una madoa meusi na ya kijani, upana ule ule wa kabati, yani mpaka ungeweza kuchora mstari pale kabati linapoishia na ukuta msafi unapoanza, na ukipitisha kidole rangi inatoka na unga mweusi unabaki kidoleni. Ubao wa nyuma ya kabati nao umevimba.

Fundi alipokuja alitazama kidogo tu akasema dada huu ni msingi, ukuta unanyonya maji toka chini, tubomoe plasta yote tupige dawa ya kuzuia maji. Bei aliyotaja sitaiandika hapa. Mi nikajiuliza, kama maji yanatoka chini mbona chini kabisa karibu na sakafu ni pasafi na madoa yameanzia usawa wa kiuno? Kuna kipimo cha kienyeji nilikuwa nakijua: unachukua kipande cha nailoni angavu, unakibandika ukutani kwa soloteki pande zote nne pasipite hewa, unakiacha siku moja mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi unyevu unatoka ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba, unyevu uko kwenye hewa. Yangu asubuhi ilikuwa na jasho mbele, nyuma kukavu kabisa. Nikampigia fundi asije.

Sasa hiyo hewa ndo somo lenyewe. Hewa ya masika hapa karibu na ziwa, tuseme ina joto la nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, ikigusa kitu chenye nyuzi kama 25 kushuka chini inaanza kutoa maji, ndo yale maji unayoyaona nje ya chupa ya soda ya baridi. Sisi AC tulikuwa tunaiweka 18 usiku kucha, ukuta wa nyuma ya kabati umepoa vibaya sana, asubuhi tunazima tunafungua mlango, hewa ya nje inaingia inakutana na ule ukuta. Ongeza watu wanaopumua humo usiku mzima, bafu la chumbani lisilo na tundu lolote, na nguo za mtoto zinazoanikwa ndani maana nje mvua. Maji yote hayo hayana pa kutokea. Na ukungu hauhitaji ukuta ulowe chepechepe, unyevu pale juu ya ukuta ukikaa asilimia 80 hivi kwa muda unamtosha, chakula anacho, karatasi iliyofunika bodi za jipsamu, vumbi, rangi, mbao za kabati.

Kaka nilipomwambia kwenye simu jibu lake la kwanza likawa basi toboeni matundu kila chumba mfungue madirisha. Nikamwambia hapana kaka, ukifungua dirisha huku AC inawaka unazidisha, unaiingiza ile hewa yenye maji kwenye chumba cha baridi na LUKU nayo inakimbia. Nyumba kuziba vizuri sio kosa. Wazungu huko Ulaya wanajenga nyumba zilizozibwa kuliko hii, lakini zinawekewa mtambo wa kuingiza na kutoa hewa kwa kipimo, sisi tumechukua kuziba tukauacha mtambo. Kwa hiyo cha kutafuta ni pale maji yanapozaliwa, uyatoe hapo hapo.

Tukaweka feni ya kutolea hewa bafuni na nyingine jikoni, zinatupa nje kabisa, sio juu ya silingi (fundi wa umeme alitaka kuishia kwenye silingi, nikakataa, hapo unauhamisha tu ukungu uende kwenye pamba ya glasi). Ya bafuni inaendelea kuzunguka hata mtu akishamaliza kuoga. AC ikapanda mpaka 26, na siku za mvua naiweka kwenye ile alama ya tone la maji, inakausha zaidi kuliko kupoza. Kumbe pia AC yenyewe ilikuwa kubwa kupita chumba, inapoza haraka inazima kabla haijavuta unyevu, ila hiyo kubadilisha hela hakuna. Makabati yote yakasogezwa, kiganja kinapita nyuma yake. Nguo zinaanikwa barazani hata zikichelewa kukauka. Nikanunua na kipima unyevu kidogo cha kuning'iniza, kikizidi 60 najua kuna mtu kaoga hajawasha feni.

Kuusafisha, bodi za silingi zilizooza kona ya bafu tulizitoa tukatupa, hazisafishiki. Ukutani tulilowesha kwanza ili vumbi lisiruke, tukakwangua, barakoa na glavu, mtoto kapelekwa kwa bibi yake Ujiji maana kifua chake kilikuwa kinakoroma na ukungu na pumu haviendani. Jiki inafanya ukuta uwe mweupe lakini kwenye plasta haizami ndani, kwa hiyo msiitegemee, na msije mkaichanganya na siki au dawa nyingine ya choo, inatoa gesi mbaya. Tukaacha ukuta ukauke kweli kweli ndo tukapaka rangi.

Yuniti hazikupanda, zimeshuka kidogo maana 26 sio 18. Masika iliyofuata nyuma ya kabati kulikuwa kusafi. Stoo ndo bado, ile ni hadithi nyingine kabisa, gata limetoboka na maji yanaingia kweli, na hapo yule fundi wa kwanza nitamuita maana hiyo ndo kazi yake.