Nusu punje

Jumanne, saa nne usiku. Kijana amelala. Leo amekula dozi ya 120 mg kwa siku ya tisa mfululizo, na midomo yake iko sawa.

Mwanangu ana mzio wa njugu, na tiba yake ni kumlisha njugu zenyewe kidogo kidogo mpaka mwili uzoee. Hizo miligramu ni za protini ya njugu, karibu nusu ya punje moja. Ukinunua njugu stendi, nusu punje ni ile inayobaki chini ya kikaratasi ukaitupa. Sisi imetuchukua miezi minne kuifikia.

Nacheka peke yangu nikipima. Miaka yote nimekuwa askari wa njugu kwa nyumba hii. Nasoma mgongo wa kila pakiti ya biskuti, nanusa mandazi ya watu, wageni nawakagua mifuko mlangoni. Sasa ni mimi ninayeutoa unga wa njugu kabatini, naukoroga kwa maziwa lala, namwambia mwanangu fungua mdomo.

Siku ya kwanza kliniki walianza na nusu miligramu wakapandisha polepole hadi 6, sindano ya adrenalini, dawa ya kuzima mzio mkali, ikiwa tayari mezani. Tangu hapo tunarudi kila wiki mbili. Dozi mpya lazima aionje mbele ya daktari ndipo tuende nayo nyumbani. (Mnaoniomba vipimo mjaribu jikoni kwenu: sitawapa, msininunie.)

Unga wenyewe si shida. Shida ni yale masaa mawili ya baadaye. Anakula saa kumi na moja, kwa sababu hatakiwi kulala dozi ikiwa bado mbichi tumboni, na mpaka saa moja hakuna kukimbia. Saa hizo ndizo watoto wote wa ploti wako chini na mpira. Anasimama kwa balkoni, kidevu juu ya chuma, anawapigia kelele za ukocha. Jana nilimsikia akisema, "Pitisha, wewe! Mimi nakuja saa moja." Saa moja ni giza. Huwa hakuna mtu.

Mwezi wa saba nilikosea. Baridi ilikuwa kali, kamafua kalikuwa kamemshika, na joto kidogo. Nikasema hii nayo ni homa? Nikampa dozi nzima. Na nilikuwa nimeambiwa wazi: homa, mbio, kuoga maji moto, tumbo tupu, chochote kati ya hivyo chaweza kuufanya mwili uikatae dozi ambayo jana uliipokea bila neno. Dakika ishirini hivi akaanza kujikuna shingo. Kisha, "Baba, koo yangu inafanya vibaya." Akatapika kwa kapeti, na kikohozi kikaanza kupiga filimbi. Sisi hatuna ile kalamu ya kujidunga adrenalini, tuna ampuli, vile vichupa vya kioo, na sirinji. Ampuli ya kwanza niliivunja vibaya ikamwagika yote vidoleni. Ya pili nikavuta 0.2 ml kwa zile kilo zake 20, nikadunga paja, upande wa nje. Tulilala hospitali. Wakatushusha dozi hatua mbili, na wiki nzima sikutaka kukiona kile kikombe.

Daktari hakutuficha kabla ya kuanza. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2018, watoto 67 kwa kila 100 waliopewa tiba waliweza baadaye kula 600 mg, na waliopewa unga wa bandia, usio na njugu, ni 4 tu. Lakini 2019 jarida la The Lancet likajumlisha majaribio kadhaa na kuonyesha kwamba walio kwenye tiba hushikwa na mzio mkali mara nyingi kuliko wanaoikwepa njugu tu. Tulitia sahihi tukijua hayo. Si kwamba atapona. Nataka tu siku akimegewa keki shuleni, nami niko mbali, mwili wake uwe umeshazoea kidogo.

Kinachonikera ni kingine. Alipokuwa na miezi sita, mashavu mekundu kwa ukurutu, mama yangu alitoka Busia na njugu za kusaga, akataka kumtilia kidogo kwa uji. Nikakataa kwa ukali, maana nilisoma mahali kwamba mtoto wa ukurutu asipewe. Ushauri huo ulikuwa umeshapitwa. Tangu 2015 watafiti wa London walikuwa wameonyesha kwamba watoto wachanga wa aina yake wakilishwa njugu mapema, wanaopata mzio hupungua sana. Labda kwake ingesaidia, labda alikuwa ameshachelewa. Mama hajawahi kunikumbusha. Ni heri angenisema.

Jioni amepiga simu, kama kawaida yake.

"Amefika wapi?"

"Nusu punje, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Nusu. Na mimi huku nimevuna gunia mbili."

Kijana akaninyang'anya simu. "Nyanya, usiuze zote!"