Watoto Wenu Watakapowauliza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimetembea na swali la mtoto kifuani. Jumapili iliyopita tulisoma Yohana 11, habari ya Lazaro, na watoto walifurahi sana jinsi maiti alivyotoka kaburini angali amefungwa sanda. Tulipokaribia kuimba, mvulana mmoja wa darasa la nne akanyosha mkono. "Ticha, sisi tulimwomba Yesu usiku kucha hospitalini na mdogo wangu akafa. Kwa nini Lazaro peke yake?" Mdogo wake tulimzika mwezi wa pili. Malaria. Darasa zima likanyamaza. Msaidizi wangu, binti mwenye moyo mzuri kweli, akasema haraka, "Mungu haulizwi maswali," akataka kuanzisha wimbo.

Nikamwomba angoje kwanza.

Nilimwambia yule mtoto kwamba kwa nini, mimi sijui. Kisha tukarudi kwenye sura ileile tuliyokuwa tumeifunga. Martha alimwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu akaja akasema maneno yaleyale. Hakuna aliyekemewa. Yesu alilia machozi. Nikamweleza pia jambo ambalo watoto wengi hawajawahi kuambiwa: Lazaro naye alikuja kufa tena, akazikwa kama watu wengine. Kilicho kikubwa katika sura ile ni neno alilopewa Martha njiani, kaka yake akiwa bado kaburini: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi." Mtoto akasikiliza. Hakutabasamu, wala sikutaka atabasamu. Akauliza, "Kwa hiyo nitamwona?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo tunaloliamini, na ndilo lililotuleta pale.

Lakini kilichoninyima usingizi si swali lenyewe. Ni kwamba amelibeba tangu mwezi wa pili. Miezi yote hiyo amekuja ibada ya watoto, ameimba, amekariri aya, amepiga makofi, na swali limekaa ndani. Simlaumu mama yake. Mama anayemlilia mtoto hana nguvu ya kufundisha, na tuendelee kumwombea. Nasema juu yetu sote. Tuna watoto wangapi wanaobeba maswali ya namna hiyo katikati yetu, na ni nani mtu mzima wanayeweza kumwuliza?

Tazameni Kutoka 12. Mungu alipoiweka Pasaka, aliipanga kana kwamba mtoto ameketi pale pale akitazama. Mwana-kondoo anakaa nyumbani siku kadhaa mpaka watoto wamzoee, kisha anachinjwa. Damu inapakwa mlangoni. Chakula kinaliwa kwa haraka, viatu miguuni, fimbo mkononi, na mboga ni chungu. Mtoto gani ataona hayo asiulize? Mungu alijua, ndiyo maana katika mstari wa 26 anasema watoto wenu watakapowauliza maana ya utumishi huu, ninyi mtawajibu. Katika Kumbukumbu 6 linarudi: mwanao atakapokuuliza zamani zijazo. Katika Yoshua 4 limo tena, kwenye mawe 12 yaliyotolewa Yordani. Swali la mtoto Mungu hakuliona kuwa utovu wa adabu. Alilitengenezea nafasi ndani ya ibada yenyewe.

Na anayejibu ni nani? Si Haruni. Si Walawi. "Nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Hayo ni maneno ya nyumba na njia, ya mkeka na jiko. Ukifika Waamuzi 2:10 unasoma kwamba kiliinuka kizazi kingine ambacho hakikumjua BWANA wala kazi aliyoifanya kwa ajili ya Israeli. Haikuchukua karne nyingi, ndugu zangu. Sikukuu walikuwa nazo. Makuhani walikuwepo. Habari ndiyo iliyokatika, kutoka kinywa cha baba kwenda sikio la mtoto.

Sasa niseme na wazazi, na mnisikie kwa upendo. Wiki ina saa 168. Ibada ya watoto inapewa moja na nusu, na katika hiyo tunatafuta kivuli, tunawatenga wadogo na wakubwa, tunamtuliza anayelia. Halafu mzazi anamshika mtoto mkono wakirudi nyumbani na asimwulize hata mmefundishwa nini leo. Anamwuliza kama amekula. Wengine wetu tunafika kanisani tukitamani watoto watolewe nje mapema ili tusikie mahubiri kwa utulivu. Basi watoto nao wamejifunza kitu hapo: kwamba Neno ni la wakubwa, wao wametengewa michezo. Wanafunzi wa Yesu waliwazuia watoto kwa nia hiyohiyo, Bwana asisumbuliwe. Marko anasema Yesu alichukizwa sana. Ni mara chache Injili inasema hivyo juu yake, na alichukizwa na watu wa kwake.

Tena wengi wetu tunawapeleka bweni wakiwa darasa la tano au la sita. Siwezi kuwaambia msiwapeleke, najua sababu, najua kazi za hapa mpakani zinavyomtoa mzazi nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Lakini angalieni jinsi tunavyowaandaa. Sanduku, godoro, ndoo, sabuni, fagio, karatasi za choo, rimu ya karatasi kwa ajili ya mitihani, vyote tunavitafuta mpaka wa mwisho kwa sababu shule imeviandika. Biblia ikiandikwa, nayo tunanunua. Je, kuna usiku mmoja kabla ya kufungua shule ambao baba anaketi na mtoto na kumwambia mimi nilimjuaje Yesu? Mtoto anaondoka nyumbani akiwa na miaka 11 bila kuisikia habari hiyo, akirudi likizo ana wiki chache, na nusu yake anaimalizia kwa bibi kijijini.

Mimi haya niliyaona nyumbani kwangu. Machi 2020 shule zilipofungwa na makanisa yakafungwa, hatukuwa na mahali pa kuwapeleka watoto. Hapa Uganda shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Kwa muda ule mrefu hapakuwa na mwalimu wa Jumapili, hapakuwa na kwaya, hapakuwa na mchungaji mbele yetu. Mume wangu si mhubiri, anatengeneza baiskeli, na kusoma kwa sauti humchosha. Lakini tuliamua kila jioni baada ya chakula kusoma kipande cha Injili ya Marko, kidogo tu, na kila mtoto aseme asichoelewa. Nilidhani watachoka upesi. Walikuja na maswali ambayo sikuwahi kuyasikia darasani miaka yote. Kwa nini nguruwe wale waliachwa wafe? Mwenye nguruwe alilipwa na nani? Kwa nini Yesu alimkemea Petro kwa kumwita Shetani, si alikuwa rafiki yake? Binti yetu mkubwa usiku mmoja akauliza kama Mungu alikuwa ameufunga ulimwengu kwa hasira. Baba yake alifikiri muda mrefu, akamwambia, "Sijui kama ni hasira, lakini najua alimtuma Mwanawe akiwa anatupenda." Hakuongeza neno. Binti yule sasa yuko sekondari, mbali na sisi, na ndiye anayewaongoza wenzake katika maombi bwenini. Alipoulizwa na matroni alijifunzia wapi, alisema, "Kwa baba." Namrudishia Mungu utukufu.

Msiseme watoto bado ni wadogo. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni tunawaona mahujaji kutoka Kenya wakivuka hapa Busia kwa miguu, wakielekea Namugongo, karibu kilomita 200. Wanaenda kuwakumbuka kina nani? Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa imani yao. Kizito alikuwa na miaka 14 alipochomwa moto mwaka 1886. Yusufu Lugalama, aliyeuawa pamoja na Marko Kakumba na Nuwa Sserwanga tarehe 31 Januari 1885, alikuwa bado mtoto. Na yuko Denis Ssebuggwawo, mtumishi wa ikulu mwenye miaka 16 hivi, ambaye mimi humfikiria sana kwa sababu alifanya kazi tunayoifanya sisi. Mei 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipotaka kujua alikuwa akifanya nini, ikawa wazi kwamba alikuwa akimfundisha dini kijana mwenzake, Mwafu, mtoto wa Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka. Kwa hilo alichomwa mkuki, na akauawa. Kijana akimfundisha kijana. Wakati ule vipande vya Injili walivyoanza navyo pale ikulu vilikuwa vya Kiswahili, kabla Injili haijachapwa kwa Kiganda, nao walivisoma kwa taabu, neno kwa neno, wakiulizana. Watu wakawaita wasomaji. Kanisa la nchi hii lilizaliwa kati ya vijana walioruhusiwa kuuliza.

Halafu sisi tunamwambia mtoto Mungu haulizwi maswali.

Msaidizi wangu tumeshazungumza, na moyo wake uko sawa; alirudia tu alichoambiwa akiwa mdogo. Walimu wengine, naomba tulishike hili: mtoto akiuliza jambo usilolijua, sema sijui, tutafute. Aya za kukariri tuendelee nazo, ila mtoto azikariri kwa lugha anayoitumia kuomba. Wengi wetu hapa tuna mtoto anayejua Zaburi 23 kwa Kiingereza na hajui gongo ni kitu gani. Na jambo jingine fupi lakini zito: mwalimu asibaki peke yake na mtoto mahali palipofungwa, awe mwanamume au mwanamke. Bwana aliyesema juu ya jiwe la kusagia shingoni mwa anayewakosesha wadogo hakuwa anatania, nasi tutatoa hesabu.

Sensa ya 2024 imehesabu watu milioni 45.9 Uganda, na karibu nusu yao ni watoto chini ya miaka 18. Shamba la kwanza la injili hapa kwetu linalala chini ya paa zetu.

Jumapili ijayo tutasoma 1 Samweli 3. Samweli alilala hekaluni karibu na sanduku la Mungu, na bado mstari wa 7 unasema alikuwa hajamjua BWANA. Ilibidi mzee Eli amwambie ajibu namna gani. Nawaomba kila nyumba isome sura hiyo Jumamosi jioni, hata kwa tochi ya simu umeme ukikatika, na kila mtoto aje na swali moja lililoandikwa au la kichwani. Baba au mama asijibu yote kabla ya kufika, lakini asikie lote. Wenye watoto bweni, siku ya kuwatembelea mkiwapelekea mandazi na juisi, kaeni nao chini ya mti nusu saa muwasomee sura hiyohiyo. Walimu wa madarasa yote tutakutana Ijumaa saa kumi na moja jioni pale kanisani, soko likishafungwa, kila mmoja na Biblia yake.