Siku moja kwenye kliniki ya akyupancha, saa kwa saa

Hii ni kliniki ndogo ya akyupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, Kariakoo, Dar es Salaam: vitanda vinne, mapazia, meza moja ya mazungumzo. Maswali ya wagonjwa wapya huja kwa mpangilio uleule kila siku. Kwanza sindano, halafu maumivu, halafu bei na idadi ya safari. Dawa za kuchemsha huulizwa mwisho kabisa, wakati ndizo zilizotakiwa kuulizwa mapema.

Saa 1:00 asubuhi

Trei inapangwa: spiriti ya asilimia 70, pamba kavu, pakiti za sindano, na boksi la manjano la vitu vyenye ncha kali. Tarehe ya kwisha muda imechapishwa kwenye kila pakiti, na pakiti iliyotoboka hutupwa hata kama sindano yenyewe inang'aa. Zinazotumika zaidi zina unene wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 25 au 40. Usoni huenda nyembamba zaidi, 0.16 hadi 0.20, zenye urefu wa 13. Nyonga ya mtu mnene yaweza kuhitaji ya 75, na hapo ndipo watu hutoa macho, ingawa urefu si ndio unaoleta maumivu.

Sindano ya hospitali yenye kishikio cha kijani ina unene wa milimita 0.8 na tundu katikati, maana kazi yake ni kupitisha dawa. Ya akyupancha haina tundu wala dawa. Hutumika mara moja, kisha hutupwa. Mgonjwa ana haki ya kuona pakiti ikifunguliwa mbele ya macho yake. Akiona sindano inatolewa kwenye kikopo cha spiriti, ashuke kitandani avae viatu vyake aondoke. Kuloweka sindano kwenye spiriti si kuitakasa, na homa ya ini aina ya B imewahi kuenezwa kwa sindano za akyupancha zilizorudiwa.

Saa 2:00 asubuhi

Mgonjwa mpya wa kwanza. Nusu saa nzima hakuna sindano, na wengi hudhani wanacheleweshwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo nusu saa yenye thamani kuliko zote.

Tunauliza usingizi, choo, kiu, jasho la usiku, hedhi, maumivu yanazidi saa ngapi na yanapungua kwa baridi au kwa joto. Tunatazama ulimi: rangi, uvimbe, alama za meno pembeni, utando juu yake. Kwa hiyo asubuhi hiyo usisugue ulimi kwa mswaki, wala usinywe kahawa au juisi ya bitiruti, kwani hupaka rangi. Halafu mapigo: vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono, mkono mmoja kisha wa pili, bila haraka. Ukiambiwa figo zako zimepungua nguvu, usitishike. Kwa tiba ya Kichina hilo ni kundi la dalili kama uchovu, kiuno kuuma na miguu baridi, si majibu ya kipimo cha figo. Na ulimi hauoni kisukari. Kipima presha na kipima sukari viko mezani na vinatumika.

Ukija, njoo na dawa zako zote ndani ya mfuko, hata za dukani, hata za mitishamba kutoka kwa bibi. Kuna mambo manne lazima tuyasikie kabla hujalala kitandani. Dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Betri ya moyo. Kifafa. Na mimba, hata ile ya kudhaniwa tu, kwa sababu pointi (mahali pa kuchomwa sindano) ya Hegu, katikati ya kidole gumba na cha shahada, na ya Sanyinjiao, juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani, huepukwa kwa mjamzito, pamoja na tumbo na kiuno cha chini. Kina dada wengi huona haya kusema wakiwa wamesindikizwa, ndiyo maana msindikizaji huombwa akae nje dakika chache.

Saa 3:00 asubuhi

Goti la mama mtu mzima, linauma akipanda ngazi. Pointi mojawapo ni Zusanli. Inatafutwa hivi: goti likunjwe, ushike kibonyeo cha nje chini ya pia ya goti, uteremke upana wa vidole vinne vya mgonjwa mwenyewe (si vya daktari), kisha utoke nje ya mfupa wa muundi upana wa kidole kimoja. Mtu mrefu na mfupi hupimwa kwa mikono yao wenyewe, hivyo sentimita hazisaidii hapa.

Ngozi inafutwa, spiriti inaachwa ikauke. Ikiwa mbichi, sindano huwasha, na mgonjwa hulaumu sindano. Kijibomba cha plastiki kinakandamizwa kwenye ngozi, kichwa cha sindano kinagongwa mara moja, kijibomba kinatolewa, kisha sindano inateremshwa taratibu. "Pole mama, ukisikia uzito niambie." Kinachotafutwa ni uzito, ganzi nyepesi, au kitu kinachovuta kuelekea kwenye unyayo. Wachina huita deqi. Ukisikia shoti kali iliyochoma kama umeme, sema papo hapo: hiyo imegusa mshipa wa fahamu na inarudishwa juu. Kuvumilia kimyakimya hakukupi nafuu zaidi.

Sindano sita hadi kumi na mbili, dakika 20 hadi 30. Usigeuke. Msuli ukikaza ghafla huing'ang'ania sindano au kuipinda, na anayeivuta kwa nguvu anafanya kosa la pili. Hapo tunasubiri, tunakanda pembeni, au tunaweka sindano nyingine jirani ili msuli ulegee.

Saa 4:30 asubuhi

Huu ndio wakati wa watu kuzimia. Aliyeruka chai ili awahi foleni, kapanda daladala mbili amesimama, na ana woga wa sindano: huyo ana sababu zote tatu. Anapauka, jasho jembamba linamtoka usoni, anapiga miayo, anasema anasikia kichefuchefu. Sindano zote zinatolewa mara moja, analazwa chali, miguu inainuliwa, na akitulia anapewa chai yenye sukari. Dakika kumi anakuwa sawa. Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla. Tena mara ya kwanza kila mtu hulazwa. Hakuna kuchomwa ukiwa umekaa kwenye kiti.

Shingo na mabega nayo huja kwa wingi saa hizi, hasa mafundi cherehani. Juu ya bega kuna pointi iitwayo Jianjing, na chini yake kidogo tu kuna ncha ya pafu. Sindano huingizwa kwa kulazwa na kwa kina kifupi. Ikizama wima, hewa inaweza kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Ni nadra, lakini ndiyo ajali kubwa ya kazi hii, na dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa: kifua kuchoma upande mmoja, pumzi kukatika. Ukisikia hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uwaambie ulichomwa wapi.

Saa 6:00 mchana

Wapo tunaowarudisha mlangoni. Uso uliopinda ghafla pamoja na mkono dhaifu au ulimi mzito ni kiharusi mpaka hospitali iseme vingine. Kila dakika ina hesabu yake. Uso uliopinda peke yake, bila udhaifu mwingine, nao uende kwa daktari kwanza, kwa sababu vidonge vya prednisoloni hufanya kazi vizuri vikianzwa ndani ya saa 72. Akyupancha yaweza kufuata. Mgongo unaouma huku mkojo ukipita bila habari, au ganzi ikiwa katikati ya mapaja, ni dharura.

Mwenye homa apime malaria. Ni kweli artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ilitoka kwenye mmea wa tiba ya Kichina, qinghao, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini chai ya majani yake si tiba ya malaria, kwani kiasi cha dawa kikombeni hakijulikani.

Saa 8:00 mchana

Vikombe. Pamba iliyoloweshwa spiriti na kukamuliwa inawashwa, inazungushwa ndani ya kikombe sekunde moja, inatolewa, kikombe kinabandikwa. Waliozoea kupiga chuku au hijama wanaijua hali hii, ila hapa ni chuku kavu, hatuchanji. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Ukiachwa muda mrefu kwa tamaa ya alama nyeusi, ngozi hutoka malengelenge. Alama si "uchafu uliotoka"; ni damu iliyovilia chini ya ngozi, na hufifia ndani ya siku chache hadi wiki mbili.

Moksa ni majani ya mmea uitwao ai yaliyosagwa na kusokotwa, yanawashwa na kushikwa sentimita 2 au 3 juu ya ngozi. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni haguswi nayo pale, maana ataungua bila kujua. Mwenye pumu aseme, moshi ni mwingi.

Saa 9:30 alasiri

Dawa za kuchemsha. Loweka pakiti nusu saa, maji yapite juu ya dawa kwa vidole viwili. Tumia chungu au sufuria ya chuma cha pua. Sufuria yetu ya kawaida ya aluminiamu iache kwa wali. Chemka dakika 20 hadi 30 kwa moto mdogo, chuja, ongeza maji uchemshe tena, changanya maji ya mara mbili, gawa asubuhi na jioni. Mnanaa wa Kichina huingia dakika tano za mwisho.

Asili haimaanishi salama. Urukususu, kwa Kichina gancao, upo kwenye michanganyiko mingi. Ukinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha presha na kushusha potasiamu. Mmea wa Mahuang (efedra) husukuma moyo. Mzizi wa Danggui huzidisha nguvu ya warfarini. Fuzi, mzizi mwingine, isipochemshwa vya kutosha ni sumu ya moyo. Mimea yenye asidi ya aristolokia iliharibu figo za wanawake wa Ubelgiji waliokuwa wakipunguza uzito miaka ya 1990. Na kidonge cha "Kichina" kinachoondoa maumivu ya viungo ndani ya saa moja kitilie shaka: vingine vimekutwa na steroidi au diklofenaki isiyoandikwa kwenye boksi. Usiache dawa za presha, sukari au ARV kwa sababu ya chochote unachopewa hapa.

Saa 11:00 jioni

"Nitapona lini, daktari?" Mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mara ya nne tunafanya hesabu: umelala vizuri zaidi, umepunguza dawa za maumivu, ngazi zimekuwa rahisi? Kama hakuna kilichosogea, kuendelea ni kula pesa yako.

Ushahidi nao haulingani. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, ilipendekeza mwaka 2012 akyupancha hadi mara 10 ndani ya wiki 5 hadi 8 kwa kuzuia maumivu sugu ya kichwa ya mkazo, na kwa kipandauso pale dawa mbili za kinga zinaposhindwa au kutomfaa mgonjwa. Mwaka 2016 ikaikataa kwa maumivu ya kiuno. Mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo cha wazi. Anayekuahidi kutibu saratani au kisukari kwa sindano, muage. Na popote uendapo, omba kuona cheti cha usajili cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria yake ni ya mwaka 2002.

Saa 12:30 jioni

Sindano zinahesabiwa: zilizoingia ziwe sawa na zilizotoka, na idadi inaandikwa kwenye kadi ya kila mgonjwa. Iliyosahaulika mara nyingi huwa nyuma ya sikio au ndani ya nywele, kwa hiyo kabla ya kuvaa pitisha mkono kichwani. Boksi la manjano likifika robo tatu linafungwa.

Halafu simu za wagonjwa. Uchovu usiku wa kwanza ni kawaida, usiendeshe safari ndefu. Damu ikivilia kidogo chini ya ngozi, weka kitambaa cha baridi. Wekundu unaopanuka siku ya pili au ya tatu, wenye joto na maumivu, ni wa kuonwa kesho yake asubuhi, na aliyekuchoma akikuambia "ni dawa inafanya kazi", nenda kituo cha afya.