Bloku 300 za mwisho

"Kaka, kama ubirsvol inaongeza, si inapunguza pia?"

Aliyeuliza, juzi, ni kijana aliyekuwa ameketi mbele ya konsoli ya siriali. Amri alishaiandika yote, kilichobaki ni kubonyeza Enter. Nikamshika mkono. Alicheka, akadhani namtania, mpaka aliponitazama usoni.

Ndiyo, inapunguza, na kwa utiifu kabisa. Ubirsvol ni amri ya Linux ya kubadilisha ukubwa wa voliumu, yaani sehemu moja ndani ya UBI, tabaka linalosimamia kumbukumbu ya flashi. Niliwahi kuiandika hivi:

ubirsvol /dev/ubi0 -N data -S 1140

Bodi ile ilikuwa na NAND (chipu ya flashi) ya MiB 256: bloku 2048 za KiB 128, kila moja ikifutwa yote kwa pamoja, kurasa za baiti 2048. Bloku 64 za mwanzo zilishika programu ya kuwashia, na 1984 zilizobaki zikawa za UBI. Lakini UBI haikupi zote 1984. Kwa mpangilio wa kawaida hutenga 20 kwa kila 1024 kwa ajili ya bloku mbovu, tena hupiga hesabu hiyo kwa chipu nzima, si kwa sehemu uliyoikabidhi, kwa hiyo zinaondoka 40. Mbili ni za jedwali la voliumu, moja ya kusawazisha uchakavu, moja ya kubadilisha yaliyomo kwenye bloku bila hatari umeme ukikatika. Zinabaki 1940. Hata hizo hazibaki na KiB 128 kamili, kwa kuwa vichwa viwili vya UBI vinakula kurasa mbili za mwanzo: baiti 131072 zinashuka hadi 126976. Chipu zinazoruhusu kuandika sehemu ya ukurasa huviweka vichwa vyote viwili kwenye ukurasa mmoja na kukuachia 129024. Yetu haikuruhusu. Picha ya UBIFS (mfumo wa faili unaokaa juu ya UBI) iliyotengenezwa kwa 129024 haipachikwi kwenye voliumu ya 126976, na anayeona kosa hilo kwa mara ya kwanza huanza kushuku chipu kabla ya kushuku namba.

Kati ya hizo 1940, rootfs, voliumu ya mfumo wenyewe, ilikuwa na 500, karibu MiB 60. Voliumu ya data iliwekewa bendera ya autoresize kiwandani, ikajipanua mara ya kwanza bodi ilipowaka na kumeza 1440 zote zilizobaki. Bendera hiyo hufanya kazi mara moja tu kisha UBI yenyewe huifuta, na kwa voliumu moja tu katika kifaa. Miaka inapita, hakuna anayekumbuka iliwahi kuwepo. Kinachoonekana ni ule mstari wa ubinfo -a unaosema bloku zilizo huru ni 0.

Ikaja picha mpya ya mfumo, bloku 645. Nilitaka rootfs ifike 800 ili kubaki na nafasi ya kupumua. Nikaomba nyongeza ya 300, kerneli ikajibu kwamba zinazopatikana ni 0. Jibu sahihi, halina kasoro.

Basi nikatazama df, amri inayoonyesha nafasi iliyotumika. Voliumu ya data ilikuwa imejaa asilimia 31. Vipimo vya miezi kadhaa, faili moja kwa kila siku, ndiyo sababu hasa ya kifaa kile kuwepo. Nikajiambia: theluthi mbili ni tupu, nikate 300 mwishoni, niziongeze kwenye rootfs, yaishe. Nilitoa upachikaji wa /data, maana voliumu inayotumika haiguswi, ubirsvol hukataa kwa kusema kifaa kinashughulika. Bodi niliiwasha kwa initramfs, mfumo mdogo unaokaa kwenye RAM, ili rootfs nayo iwe huru. Maandalizi yote hayo niliyafanya kwa uangalifu. Nakala ya data sikuchukua.

Nikabonyeza Enter. Amri ikarudi papo hapo, bila neno.

Hapo nilikaa kidogo. Kuna raha fulani mtu anaipata amri inaporudi kimya. Kisha, kabla ya kugusa rootfs, nikajaribu kupachika data. Kerneli ikaandika mstari mmoja: hesabu ya LEB si sahihi, 1440 kwenye superbloku, 1140 kwenye voliumu. LEB ni bloku kama voliumu inavyozihesabu, na superbloku ni rekodi ambamo UBIFS imeandika ukubwa wake. Nikausoma. Nikausoma tena kwa kuzifuata namba kwa kidole juu ya kioo, 1-4-4-0, 1-1-4-0, kana kwamba mojawapo ingebadilika nikiifikia. Feni ya usambazaji umeme ilikuwa inavuma. Taa ya kijani kwenye bodi iliendelea kuwakawaka kwa mwendo uleule, haikujua lolote. Nikakumbuka, wakati huo na si dakika moja kabla, kwamba UBIFS inakua lakini haipungui. Voliumu ikipanuliwa, hujinyoosha yenyewe inapopachikwa. Ikikatwa, inagoma. Na ubirsvol haijui kwamba kuna UBIFS. Inajua bloku tu, basi.

Wazo lililofuata lilikuwa kuchomoa umeme. Mkono ulishafika kwenye waya. Bloku zilizokatwa hazifutwi na ubirsvol yenyewe, zinaingia kwenye foleni ya uzi wa nyuma wa UBI, ule unaoonekana kwenye ps kama ubi_bgt0d. Lakini kufuta bloku moja ya NAND ni suala la milisekunde chache. Bloku 300 ni kama sekunde moja au mbili, na mimi nilikuwa nimeshakaa kuutazama ule mstari kwa dakika nzima. Hata ningewahi, kuwasha tena kusingesaidia: UBI inapojiunga na chipu, bloku yoyote ambayo namba yake inazidi ukubwa ulioandikwa kwenye jedwali la voliumu inahesabiwa kuwa mabaki ya ukataji ulioingiliwa, inapelekwa kufutwa. Njia pekee ingekuwa kuwasha bila kuiunganisha UBI kabisa na kuisoma NAND ghafi kwa nanddump. Haya nayajua sasa. Siku ile niliuachia waya kwa sababu tu niliogopa.

Nikairudisha voliumu hadi 1440. Ikakubali. Nikapachika kwa -o ro, maana UBIFS ikiruhusiwa kuandika inaanza kuhamisha vitu. Ikapachikwa! Ls ikaorodhesha siku zote. Furaha hiyo ilidumu mpaka faili ya nne.

bad node type (255 but expected 1)

Aina ya 1 ni nodi ya data, yaani kipande cha yaliyomo kwenye faili. 255 ni 0xFF, yaani flashi iliyofutwa: faharasa inaelekeza kwenye LEB fulani, ukifika hapo hakuna kitu. Faili kadhaa baadaye ikatokea expected 9, nodi ya faharasa yenyewe, na pale lilianguka tawi zima. Nilinakili faili mojamoja na kuandika pembeni zilizokataa: 41 kati ya 270. Hazikuwa za mwisho wala za mwanzo. Zilikuwa zimetawanyika, siku moja Machi, tatu Juni, wiki nzima ya Septemba.

Mtawanyiko huo ndio uliolieleza kosa langu. Nilikuwa nimeifikiria asilimia 69 kama rafu tupu iliyo upande wa kulia. Kwenye UBIFS upande huo haupo. Kila uandishi unakwenda kwenye LEB iliyo huru wakati huo, ukusanyaji taka unahamisha nodi hai kutoka LEB zilizochakaa kwenda nyingine, na baada ya miezi data imeenea eneo lote kuu. Df inakuambia kiasi, haikuambii mahali. Mtu anaweza kuuliza UBI kama LEB fulani imeshikiliwa, kwa ioctl (ombi la moja kwa moja kwa kerneli) ya UBI_IOCEBISMAP, programu ya C ya mistari thelathini hivi. Siku hizi ninayo. Lakini hata kama zote 300 zingekuwa huru, superbloku bado ingedai 1440 na upachikaji ungekataa.

Njia iliyofanya kazi baadaye ilikuwa ya kawaida. Tar ya /data (faili zote katika kifurushi kimoja) kupitia mtandao hadi mashine nyingine, kuifungua huko na kulinganisha sha256sum (alama za kuhakiki faili), umount, ubirmvol ya kuiondoa data, ubirsvol ya rootfs hadi 800, ubiupdatevol na picha mpya, kisha ubimkvol -N data -m ichukue zilizobaki 1140. Voliumu tupu ukiipachika kama UBIFS, kerneli huiumbiza yenyewe. Kulikuwa na kikwazo kimoja tu: rootfs haikuvuka LEB 660 ingawa voliumu ilikuwa 800, kwa sababu picha ilitengenezwa na mkfs.ubifs -c 660. Hiyo -c ni dari. Superbloku inaibeba milele, na hakuna chombo cha kuipandisha kwenye mfumo uliokwisha kutengenezwa, inabidi picha itengenezwe upya. Tukaweka 1000. Kuizidisha kuna gharama, kwa kuwa majedwali ya hesabu ya LEB hupangiwa ukubwa kulingana na dari, kwa hiyo sipendi kuona mtu ameandika namba kubwa kwa uvivu.

Kijana alifuta amri yake kwa backspace, herufi mojamoja, akaanza kuandika tar. Akaniuliza kama zile faili 229 zilizosalimika nilizikuta kamili.

Nilimjibu kwamba zilisomeka. Kila nodi ina CRC yake, namba ya kuihakiki, na faharasa ikielekeza mahali patupu kosa linaonekana. Lakini vilivyoandikwa karibuni vinaweza kuwa bado kwenye jarida, eneo vinapotua kwanza, havijaingia kwenye faharasa iliyo kwenye flashi, na vinasomwa upya wakati wa kupachika. Kama LEB mojawapo ya jarida ilikuwa kati ya zile 300, sina hakika kwamba kungekuwa na kelele yoyote. Kifaa kilipima kila dakika moja. Nilikizima saa 8:31 mchana. Faili ya siku ile inafunguka vizuri, haina kosa hata moja, na mstari wake wa mwisho ni wa saa 8:12.