Brugge, mji wa sufu na rangi

Treni ya kutoka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, hufika Brugge kwa muda wa kama saa moja. Nilikwenda huko nikitaka kuona jinsi fedha za biashara zilivyogeuka kuwa sanaa, kwa hiyo nilianzia sokoni, kwenye uwanja wa Markt.

Mnara wa kengele, Belfort, una urefu wa mita 83 na ngazi 366, na umesimama juu ya jumba kubwa lililokuwa ghala na soko la vitambaa. Nilipanda mpaka juu. Nchi yote ni tambarare, mapaa mekundu kisha mashamba, na bahari iko mbali. Sasa mji huu ulikuwaje bandari?

Mwaka 1134 dhoruba ilipasua pwani na kufungua mkono wa bahari ulioitwa Zwin. Vyombo vikubwa vikawa vinatia nanga Damme, mji mdogo wa jirani, na shehena inapakiwa kwenye mashua ndogo kuingia mjini. Merikebu za Genoa zilifika mwaka 1277. Sufu ilitoka Uingereza, nayo ikafumwa hapa, katika jimbo la Flanders. Wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara, kutoka Ujerumani walileta manyoya, nta na kaharabu, Waitalia wakaleta hariri, viungo na shabu ya kushikisha rangi kwenye nguo. Hata benki ya akina Medici wa Florence ilikuwa na tawi mjini, na jumba lake, Hof Bladelin, lingali limesimama mtaa wa Naaldenstraat.

Ukiyajua hayo, ndipo uingie jumba la makumbusho la Groeninge. Humo mna picha ambayo mchoraji Jan van Eyck aliimaliza mwaka 1436 kwa ajili ya kasisi Joris van der Paele. Mzee amepiga magoti mbele ya Bikira Maria, kitabu na miwani mkononi, mishipa imemtoka kwenye kipaji. Nilisogea karibu kadiri walinzi walivyoruhusu. Zulia lililo chini ya Maria ni la mashariki, unaweza kulifuata fundo kwa fundo. Joho la Mtakatifu Donatian limetariziwa dhahabu, na mtoto Yesu ameshika kasuku. Kwenye ngao iliyo mgongoni mwa Mtakatifu George mna kivuli kidogo cha mtu aliyesimama: wengi husema ndiye mchoraji mwenyewe. Sijaona picha nyingine inayoheshimu vitu namna hii. Van Eyck aliishi kati ya watu waliojua bei ya kila uzi, na hakuthubutu kuwadanganya.

Humo humo mna picha mbili za Gerard David za mwaka 1498, zilizotundikwa zamani katika chumba cha madiwani waliohukumu kesi za mji. Zinasimulia kisa cha kale: jaji Sisamnes alikula rushwa, mfalme Cambyses wa Uajemi akaamuru achunwe ngozi akiwa hai. Nyuma, mwanawe amerithi kazi yake na amekalia kiti kilichotandikwa ngozi ya baba. Nilisimama pale nikikumbuka mahakama za kwetu, na nikatamani kila hakimu aione.

Katika Kanisa la Mama Yetu nilimkuta Maria wa marumaru wa Michelangelo. Walionunua walikuwa akina Mouscron, wauza vitambaa. Wafaransa waliichukua sanamu hiyo mwaka 1794, Wajerumani wakaichukua mwaka 1944, na mara zote mbili ikarudi.

Kwenda Damme nilikodi baiskeli nikafuata mfereji ulionyooka, uliochimbwa kwa amri ya Napoleon. Damme ndipo Charles, mtawala wa Burgundy na Flanders, alipofunga ndoa na Margaret wa York mwaka 1468. Leo Damme ni kijiji. Mchanga na tope viliijaza Zwin polepole, na kufikia mwisho wa karne ya 15 merikebu kubwa hazikuweza tena kupita. Wakati huo huo Brugge ilimwasi Maximilian wa Habsburg, aliyekuwa akitawala Flanders, ikamfungia katika nyumba moja pale Markt mwaka 1488. Baadaye yeye akawahimiza wafanyabiashara wa kigeni wahamie Antwerpen, na wakahama.

Brugge ikafukarika kwa karne nyingi. Hakukuwa na fedha za kubomoa mitaa ya zamani na kujenga mipya, na ndiyo maana bado unaweza kutoka kwenye jumba la benki hadi mbele ya picha ya Van Eyck kwa miguu.